Manukato na Mlango wa Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyaumba maua akayapa rangi na harufu, kisha akampa mwanadamu pua ya kuitambua neema hiyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuatao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa mara nyingi katika darasa yetu, na wake kwa waume, juu ya manukato ya kike yatokayo Ulaya. Yale yauzwayo katika vichupa vidogo kwa bei kubwa, yenye majina ya washonaji mashuhuri wa nguo, na ambayo harufu yake imekusudiwa hasa kuamsha mapenzi ya mwili. Wako wasemao kwamba ni haramu moja kwa moja, kwa kuwa yametengenezwa na wasio Waislamu na yana spiriti ndani yake. Na wako wasemao kwamba haya ni mambo ya dunia tu, dini haina neno nayo. Sisi twaona kauli zote mbili zimeikosa haki, na tumeonelea kulieleza jambo hili kwa uwazi, maana limekwisha kuleta ugomvi majumbani na matusi njiani.

Wanavyuoni husema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tukifahamu kwanza.

Tuchukue mfano wa manukato mashuhuri kuliko yote ya namna hii, nayo ni Chanel No. 5. Yalitolewa mjini Paris katika mwaka 1921. Mwenye jina, Gabrielle Chanel, aliyezaliwa 1883, alikuwa mshonaji wa nguo za kike. Hakuwa fundi wa manukato. Fundi aliyeyatengeneza ni Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow, ambaye kabla ya mapinduzi ya Urusi ya 1917 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kilichouza manukato kwa nyumba ya mfalme wa nchi hiyo. Yasimuliwa kwamba alimwekea mshonaji yule vichupa vya majaribio vilivyotiwa nambari, 1 mpaka 5 na 20 mpaka 24, naye akanusa akachagua cha tano. Ndipo manukato yakaitwa kwa nambari yake.

Ama harufu yake, haiji yote kwa mara moja. Kwanza hutangulia harufu kali, safi, yenye kumeta, kama ya sabuni na nguo iliyotoka kupigwa pasi, pamoja na ubichi wa limau. Hiyo yatokana na vitu vya maabara viitwavyo aldehidi, ambavyo Beaux alivitia kwa wingi kuliko ilivyozoeleka zamani zile. Baada ya kitambo kidogo harufu hiyo hupoa, yakatokea maua: asumini, waridi na langilangi. Kisha, saa baada ya saa, maua nayo hunyamaza, ikabaki ile ya chini yake: sandali, vanila na miski. Hii ya mwisho ndiyo iliyo nzito na yenye joto. Hushikamana na ngozi, hupanda kwa uvuguvugu wa mwili, na husikika vizuri zaidi na aliye karibu mno. Hiyo ndiyo waiitayo harufu ya ashiki.

Wala watu wa huko hawakuficha kusudio lake. Katika mwaka 1952 mchezaji sinema wa Marekani, Marilyn Monroe, alisimulia kwamba aliulizwa huvaa nini alalapo usiku, akajibu kwamba huvaa manukato hayo tu. Sisi hatumchukui mwanamke yule kuwa kiigizo chetu katika mavazi wala katika mwenendo. Lakini ukilitazama jawabu lake utaona ajabu: alipataja pahali pa manukato yale barabara, napo ni chumbani. Kosa ni kwamba aliufungua mlango wa chumba mbele ya dunia nzima.

Sasa na tujiulize, ni kipi kigeni ndani ya kichupa kile? Asumini? Waridi? Sandali? Miski? Hivi vyote vilikuwamo sandukuni mwa bibi zetu kabla ya 1921. Mtu wa Mombasa, wa Lamu au wa Unguja ajua kikuba chenye asumini na rehani. Ajua nguo kufukizwa kwa udi. Ajua liwa ya sandali. Ajua maharusi kutandikiwa kitanda kilichonyunyizwa maua. Masomo waliowafunza mabibi harusi hawakuhitaji tangazo la Paris kuwaambia kwamba harufu nzuri huvuta moyo wa mume. Na kabla yao, katika karne ya tisa ya miladi, Al-Kindi wa Baghdad alikwisha kuandika kitabu juu ya manukato na njia za kuyakeneka. Wazungu walipojifunza ufundi huo walichukua na majina yake: asumini yetu na jasmin ya Wafaransa ni neno moja, na ambari yetu na ambre yao ni neno moja.

Na langilangi je? Ua hili asili yake ni nchi za kusini mashariki ya Asia, lakini limekuwa zao kubwa la majirani na ndugu zetu wa visiwa vya Komoro, hasa kisiwa cha Nzwani. Miti yake hukatwa vilele ikafanywa mifupi ili mikono iyafikie maua. Wachumaji, na wengi wao ni wanawake, huamka mapema, kwani maua yachumwayo asubuhi ndiyo bora. Siku iyo hiyo hutiwa katika chombo cha kukeneka, na moto huwashwa chini yake kwa saa nyingi. Kiasi cha kilo 50 za maua hutoa karibu kilo moja ya mafuta, na mafuta ya mwanzo kutona ndiyo yenye thamani zaidi. Kuni za kazi hiyo zimekula sehemu ya misitu ya kisiwa kile. Basi mwenye kudhani kwamba harufu ya langilangi ni ya kikafiri na akumbuke kwamba pengine ua lake lilichumwa na mama wa Kiislamu aliyekwisha kusali alfajiri yake. Uislamu hauharimishi harufu kwa sababu ya nchi iliyotokea.

Bali manukato yana cheo katika dini yetu. Imepokewa na Nasai kutoka kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja kuwa katika mambo ya dunia amependezeshewa wanawake na manukato, na kwamba kitulizo cha macho yake kimewekwa katika Sala. Na Bukhari amepokea kwamba hakuwa akiyarudisha manukato akipewa. Bibi Aisha ameeleza kwamba alikuwa akimpaka Mtume manukato mazuri kabisa aliyoyapata, mpaka akiona mng'aro wake katika kichwa chake na ndevu zake. Na Sura ya Al-Aaraf, aya ya 32, yawakemea wale wanaoyaharimisha mapambo aliyowatolea Mwenyezi Mungu waja wake. Kwa hivyo mwenye kusema kwamba mcha Mungu hujulikana kwa uvundo wake, huyo ameizulia dini.

Likiwa hivyo ndivyo, iko wapi shida? Shida iko mlangoni.

Abu Musa al-Ash'ari amepokea kwa Mtume (S.A.W.) onyo kali juu ya mwanamke ajitiaye manukato akapita mbele ya watu ili waisikie harufu yake. Muslim amepokea kutoka kwa Zainab, mke wa Ibn Masud, kwamba wanawake waliamrishwa wasiguse manukato wanapokwenda msikitini. Ikiwa ni hivi kwa aendaye nyumba ya Mungu, ni vipi kwa aendaye sokoni? Na katika Sura ya An-Nur, aya ya 31, waumini wa kike wamekatazwa kupiga miguu yao ili yajulikane mapambo waliyoyaficha. Ibn Kathir alipoifasiri aya hiyo aliingiza humo na manukato, kwa kuwa nayo hutangaza kilichofichwa.

Hekima yake yadhihiri kwa mwenye kufikiri. Jicho lina ukope wa kulifunika, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuinamishe macho. Pua haina ukope. Harufu haipigi hodi. Huingia kwa mtu asiyeitaka, ikamkuta hali ya kuwa hakuiomba wala hakuitafuta. Na manukato ya namna tuliyoitaja yametungwa na fundi, tone kwa tone, ili yafanye kazi hiyo hasa. Maneno ya faragha hayafai kusemwa kwa sauti kuu njiani, hata yakiwa matamu na ya halali baina ya wenyewe.

Lakini hadithi zizo hizo zilizoufunga mlango wa nje zimeuacha wazi mlango wa ndani, na hapa ndipo wengi wetu tunapoghafilika. Abu Daud ameipokea hadithi iliyobainisha kwamba manukato ya wanaume ni yale yenye harufu isiyo na rangi, na ya wanawake ni yale yenye rangi isiyo na harufu. Baada yake Said, mmoja wa wapokezi wake, akaeleza kwamba waliifahamu hukumu hiyo ya wanawake kuwa ni wakati wa kutoka; ama akiwa kwa mumewe na ajitie manukato ayatakayo. Ayatakayo! Yakiwa ya udi, yakiwa ya asumini, yakiwa ya Paris. Hapana haya kwa mke kunukia ashiki kwa mumewe, wala si upungufu wa dini yake. Bali akinuia kumhifadhi mumewe na kujihifadhi nafsi yake, twataraji ana thawabu kwa hilo.

Sasa na tuitazame hali yetu. Dada mmoja alituletea swali, nalo lilitukaa moyoni. Alisema: mume wangu hanionei haya kunirudia na jasho la mchana kutwa na harufu ya tumbaku, wala hajaninunulia hata kichupa cha marashi tangu kunioa, lakini nimwonapo njiani akigeuza shingo nyuma ya kila mwenye kunukia, najiuliza kosa ni la nani.

Sisi twamjibu hadharani, kwa kuwa si mmoja mwenye shida hii. Tumeyapindua mambo. Mwanamke hujifukiza udi na kujinyunyiza manukato ya bei ghali aendapo arusini, na arudipo huoga akavaa nguo ya jikoni, mume akapata fungu la vitunguu na moshi. Na mwanamume hujitia atri aendapo barazani kwa wenzake, kisha akarejea nyumbani kama alivyotoka kazini. Kila mmoja ampa mgeni kilicho bora, akamwekea mwenziwe makombo. Halafu tukastaajabu mapenzi kupoa na talaka kuwa nyepesi! Ibn Abbas alikuwa akisema kwamba apenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama apendavyo mkewe kujipamba kwa ajili yake. Na Mtume (S.A.W.) aliwakataza wasafiri wasiwaingilie wake zao usiku kwa ghafula, ili mwanamke apate nafasi ya kuchana nywele zake na kujitengeneza. Watu wa pwani, ambao wazee wetu walikuwa mabaharia, yawapasa kulifahamu adabu hili kuliko wengine.

Tena tuna neno kwa vijana wetu. Tumesikia kwamba wako wanaomtukana mwanamke njiani kwa jina chafu pindi wamsikiapo ananukia, wakidai kwamba wanaitekeleza hadithi ya Abu Musa. Enyi vijana, mcheni Mungu! Wanavyuoni wameeleza kwamba onyo lile ni la kuogopesha, kwa kuwa tendo hilo laweza kuufungua mlango wa uovu. Halikumpa mtu ruhusa ya kumsingizia Mwislamu zinaa. Anayewasingizia wanawake waliojihifadhi bila ya mashahidi wanne, Sura ya An-Nur imemwekea mapigo 80 na kukataliwa ushahidi wake. Na katika sura iyo hiyo amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, aya ya 30, kisha ikaja kwa wanawake, aya ya 31. Aliyeiruka ya 30 akaikimbilia ya 31 hakutaka dini. Ametaka kuwatawala watu.

Huenda mtu akauliza: je, mwanamke atoke na jasho lake? La. Usafi ni katika dini. Kuoga, sabuni, nguo safi na kitu cha kuondoa uvundo wa mwili si manukato ya kujitangaza. Na akiuliza: arusini hakuna ila wanawake, je, ni haramu? Jawabu ni kwamba wanawake kunukia wao kwa wao si haramu. Lililokatazwa ni kupita mbele ya wanaume na harufu hiyo. Basi na achukue kichupa chake mkobani, ajitie afikapo, na aioshe au aibadili nguo kabla ya kutoka. Zamani kikuba kilivaliwa humo humo nyumbani mwa shughuli. Mila hiyo ilikuwa na akili.

Ama spiriti iliyomo ndani ya manukato, wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako walioitia katika hukumu ya ulevi, ikawa ni najisi kama ilivyo mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi. Na wako wasemao kwamba hiyo si mvinyo wa kunywewa, na wengine wakaihesabu katika mambo ya kusamehewa kwa haja. Anayetaka hadhari, atri za mafuta zisizo na spiriti ziko tele madukani mwetu. Na ajitie hizo, hasa kwa nguo za Sala. Lakini jambo lenye khitilafu ya wanavyuoni halifanywi vita mlangoni mwa msikiti.

Limebaki la bei, nalo si dogo. Kijana aposae hupewa orodha, na katika orodha hiyo manukato ya jina fulani hayakosi. Akikosa fedha hukopa. Na ajue alipiacho. Mwaka 1924, ilipoundwa kampuni ya kuuza manukato yale tuliyoyataja, mshonaji mwenyewe ambaye jina lake liko juu ya kichupa alipata asilimia 10 tu. Asilimia 70 zilikuwa za ndugu wawili wenye kiwanda na 20 za mfanyabiashara aliyewakutanisha. Wenye mali walifahamu tangu siku ile kwamba jina ni bidhaa, na bidhaa hiyo ndiyo wauziwayo vijana wetu kwa mkopo. Harufu haijui jina. Asumini mbichi na kipande cha udi mzuri huweza kumfurahisha mume aliye na uhai moyoni, na kichupa cha bei kubwa hakimfufui aliyekufa moyo. Tena madukani kuna ya bandia yauzwayo kwa jina la asili, mfanyabiashara afanyaye hivyo na akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kughushi si katika sisi. Na Sura ya Bani Israil, aya ya 27, imewaita wabadhirifu kuwa ni ndugu za mashetani. Hatusemi kwamba mwenye uwezo asimnunulie mkewe kizuri. Twasema asikope, wala wazazi wa bibi harusi wasimlazimishe.

Basi hii ndiyo nasaha yetu, ndugu Waislamu. Mume na amnunulie mkewe manukato kwa kadiri ya uwezo wake, na yeye mwenyewe aoge na kunukia kabla ya kumdai mkewe kunukia. Mke na ayaweke yale mazuri zaidi kwa ajili ya nyumba yake, si kwa ajili ya njia. Kijana na ainamishe jicho lake na auzuie ulimi wake. Mama mkwe na apunguze orodha. Tukifanya hivyo, harufu nzuri itarudi mahali ilipowekewa, na nyumba nyingi zilizopoa zitapata joto lake tena.

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu na waume zetu kuwa vitulizo vya macho yetu, uzitie mapenzi na huruma nyumba zetu, uhifadhi heshima za dada zetu na ndimi za vijana wetu, na utukutanishe Peponi katika kinywaji ambacho mwisho wake ni miski. Amin.

Wabillahi tawfiq.